Kumwogesha Kaka

Siku Kalolaine alipovunja ungo, kaka yake Siosaia alikunja mkeka wake, akachukua na mto, akahamia kibanda cha wavulana nyuma ya nyumba. Hawakuwa wamegombana. Ndivyo mambo yalivyo katika visiwa vya Vava'u na nchi nzima ya Tonga, huko Pasifiki. Msichana akishakuwa mwali, kaka yake halali tena chini ya dari moja naye, hakai naye chumba kimoja. Hagusi kitanda chake, wala yeye hagusi cha kaka. Mbele ya dada, mwanamume hatanii, hatukani, havui shati. Dada ndiye mkubwa, hata kama kaka amemtangulia kuzaliwa.

Tangu hapo mapenzi ya wawili hao yakawa yanapitia mikononi mwa watu wengine. Siosaia akichimba viazi vikuu, kile kinene kuliko vyote kilipelekwa kwa dada na mtu mwingine, naye mwenyewe amesimama mbali anatazama miguu yake. Alipokwenda New Zealand kuchuma matufaha, kisha akapata kazi ya kutengeneza barabara, kitu cha kwanza alichotuma nyumbani kilikuwa nauli ya Kalolaine.

Wote wawili wakazeekea Mangere, kusini mwa Auckland, mitaa ya karibu. Siosaia alioa, mke akafa kabla hawajapata mtoto, naye hakuoa tena. Kalolaine aliolewa na Heneli, mpakiaji mizigo wa uwanja wa ndege, mtu wa maneno mengi na roho nyepesi. Binti yao Seini alikuwa ameshahamia Brisbane. Kalolaine alifanya kazi katika nyumba ya wazee, na kazi yenyewe ilikuwa kuogesha. Wazee wa Kizungu, wake kwa waume, aliwavua, akawasugua, akawafuta, akawapaka mafuta, huku akiwachekesha. Hakuona haya hata kidogo. Wafanyakazi wapya walipoingiwa na woga aliwaambia, "Mwili ni mwili tu. Maji ya uvuguvugu na mikono isiyo na haraka, basi."

Kisha Siosaia akaanguka kazini, koleo mkononi. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa kabisa. Ulimi ulirudi polepole, mzito kama wa mtu mwenye chakula mdomoni. Alipotoka hospitali hakuwa na pa kwenda ila kwa dada yake. Wakampa chumba cha mbele na kitanda cha kupanda na kushuka. Kalolaine hakukanyaga humo. Alipika, akampa Heneli sahani aingize. Akitaka kujua kama mgonjwa amelala vizuri, alisimama kwenye ujia na kuuliza kupitia mlango uliorudishwa nusu.

Kumwogesha ilikuwa kazi ya Heneli.

"Tulia, shemeji," Kalolaine alimsikia akisema humo ndani. "Mimi nimepakia majeneza, mapiano na farasi wa mbio. Wewe utanishinda?"

Na Siosaia, aliyekuwa hacheki na mtu, alicheka.

Lakini siku moja Heneli alimwinua vibaya, mgongo ukalia, akaanguka naye pamoja sakafuni. Tangu siku hiyo Heneli akawa anatembea kama mtu anayetafuta sindano. Ikabidi wakala wa huduma alete watu wa kulipwa.

Watu hao walikuja kila siku sura mpya. Mmoja alikuwa na simu sikioni muda wote. Mwingine alimgeuza mgonjwa kama gunia. Wengine hawakuja kabisa. Siosaia akapata kidonda cha kulalia kiunoni, na Kalolaine alijua habari zake kwa harufu tu, kwa sababu harufu ile aliijua kutoka kazini.

Siku iliyovunja mambo ilikuwa Jumatano. Kalolaine alirudi mchana kutoka nyumba ya wazee, mikono bado inanukia sabuni ya watu wengine, akamsikia kaka yake analia chumbani. Mhudumu hakuwa ametokea tangu asubuhi. Harufu ya haja ilikuwa imejaa hadi kwenye ujia.

"Kaka," alisema mlangoni.

"Usiingie!"

"Kaka, niko na maji."

"Dada, nakuomba kwa Mungu, usiingie. Mngoje Heneli."

Heneli alikuwa kliniki kwa ajili ya mgongo wake, na hakuna aliyejua atarudi lini. Kalolaine alisimama pale na beseni. Yeye, aliyekuwa ametoka kumfuta mzee wa watu asiyemjua hata jina la ukoo, hakuweza kupiga hatua moja kumwendea mtu aliyemlipia nauli. Maji yakapoa. Akaketi sakafuni nje ya mlango, mgongo ukutani, na kaka upande wa pili akajaribu kulia bila sauti ili dada asisikie. Walikaa hivyo hadi Heneli alipofungua mlango wa nje.

Kesho yake alimpigia simu Ngaire, mama wa Kimaori aliyekuwa akisimamia huduma za wagonjwa wa mtaa ule. Ngaire alikuja, akanywa chai, akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Serikali siku hizi inalipa ndugu wamtunze ndugu yao nyumbani," alisema. "Unaacha kazi kule, unaajiriwa hapa. Unakuwa na saa zako, na mshahara wako, na msimamizi ambaye ni mimi. Kazi ile ile unayoifanya sasa."

"Si kazi ile ile, dada'ngu."

"Najua. Mimi pia nina kaka. Lakini mwulize."

Kalolaine hakuweza kuuliza neno kama hilo. Aliyeuliza ni Ngaire, amesimama kando ya kitanda, na Kalolaine akasikiliza kutoka jikoni. Kisha Siosaia akasema kwa Kiingereza, polepole, akitafuta kila neno:

"Nesi akija, nitamkubali. Dada yangu asije."

Ngaire alielewa papo hapo. Heneli ilimchukua siku nzima.

Ndivyo ilivyoanza. Jumatatu asubuhi Kalolaine alivaa sare ya bluu aliyopewa na Ngaire, akabandika kitambulisho kifuani, akafunga nywele. Akagonga mlango wa chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akaingia na kusema kwa Kiingereza, "Habari za asubuhi, mzee. Mimi ndiye nesi wako leo."

"Habari, nesi," alijibu Siosaia, macho yapo darini.

Hawakuwahi kuzungumza Kiingereza wao kwa wao maisha yao yote. Kiingereza kilikuwa lugha ya mabosi na maduka, lugha isiyo na kaka wala dada ndani yake. Kwa lugha hiyo aliweza kumwambia ageuke, ainue mkono, avumilie kidogo, maana panauma. Siku ya kwanza alimwaga maji kitandani. Mgongo wa kaka yake hakuwa ameuona tangu utotoni. Ulikuwa na kovu refu ambalo hakujua limetoka wapi, na aliogesha juu yake bila kuuliza, kwa kuwa nesi hana haja ya kujua.

Akishamaliza alitoka, akavua sare, akavaa nguo zake. Kisha akasimama kwenye ujia na kusema kwa Kitonga, "Kaka, umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri, dada. Nesi alikuja."

"Amekuogesha vizuri?"

"Vizuri sana. Huyu anajua."

Hakuna aliyecheka. Haukuwa mchezo. Kila mwezi Ngaire alipoleta karatasi za mshahara, Siosaia aliomba aonyeshwe. Aliikodolea ile karatasi, akaridhika, akairudisha. Mshahara ule ndio uliokuwa mlango kati ya nesi na dada, na alitaka kuona kwamba umefungwa vizuri.

Kidonda kikapona. Akanenepa. Kalolaine akawa anampikia majani ya jimbi yaliyofungia nyama ya chumvi na tui zito la nazi, naye akamaliza sahani. Jioni Heneli alimsukuma hadi barazani, watani hao wawili wakakaa na bakuli la kava, kinywaji chao cha mizizi, wakawasema wanasiasa na wachezaji wa raga.

Kanisani, bila shaka, watu walisema. Jumapili moja, wanawake wakipanga vyakula ukumbini, Lupe, mke wa mweka hazina, alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Siku hizi hata kaka ni mshahara. Mimi wangu nimpeleke wapi nikalipwe?"

Wengine wakaguna. Kalolaine aliendelea kukata viazi vikuu.

"Na eti anamvua mwenyewe," Lupe aliongeza. "Dada mtu! Mama yao angekuwa hai angekufa tena."

"Lupe," alisema Kalolaine, "kaka yako yuko wapi?"

"Yuko Tonga."

"Basi mshukuru Mungu kwa bahari iliyo kati yenu." Akachukua sinia lake akatoka. Alifika kwenye gari na ndipo machozi yakamtoka. Heneli aliwasha gari, akamnunulia samaki na chipsi njiani, akaongea habari za timu yake hadi nyumbani.

Maneno ya Lupe yangepita. Kilichokuja baadaye hakikupita.

Ngaire alistaafu, na ofisi ikamtuma bwana mmoja mpole, mwenye viatu safi, kuipitia upya huduma ya Siosaia. Mgonjwa alikuwa amechukuliwa na gari la kliniki kwenda mazoezini. Bwana yule alikaa mezani, akala mkate wa nazi, akasifu nyumba. Kisha akaeleza kwamba taratibu zimebadilika. Mgonjwa anaendelea vizuri. Saa zitakazolipwa sasa ni za mtaalamu wa mazoezi tu.

"Na kumwogesha?" aliuliza Kalolaine.

"Hilo tunalihesabu kama msaada wa kawaida wa kifamilia."

"Maana yake?"

"Maana yake ni mambo ambayo dada yeyote angemfanyia kaka yake, hata bila malipo."

Kalolaine alimtazama. Akafungua mdomo, akajaribu kulieleza lile jambo kwa Kiingereza, na kila neno alilolipata lilikuwa dogo mno. Bwana yule aliitikia kwa kichwa, kwa huruma ya kweli, na akasema wanaweza kukata rufaa. Walikata. Ikakataliwa.

Kalolaine hakumwambia Siosaia. Alimwapisha Heneli naye asiseme. Karatasi za mshahara alisema siku hizi zinapitia kwenye simu, na Siosaia, asiyejua mambo ya simu, aliitikia tu. Kila asubuhi sare ya bluu iligonga mlango kama kawaida. Mwisho wa wiki, mtaalamu wa mazoezi akiwepo na Heneli akijikaza kwa mengine, Kalolaine alirudi kuogesha kwenye nyumba ya wazee ili sufuria isikauke. Alikonda. Alisinzia akiwa amesimama jikoni. Lakini akigonga ule mlango, sauti yake ilikuwa ya nesi aliyelala vizuri.

Ingeweza kuendelea hivyo. Heneli ndiye aliyeshindwa, na alishindwa kwa mapenzi. Jumamosi moja alimkuta mkewe amekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, hawezi kuinuka, vidole vimekakamaa kama kucha za ndege.

"Inatosha!" alipiga kelele. "Unajiua, mwanamke!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Huko unaogesha kwa pesa, huku unaogesha bure. Miezi yote hii bure! Hawakulipi hata senti, na wewe unajivika lile gwanda kila asubuhi kama—"

"Heneli!"

Alimwonyesha dirisha. Lilikuwa wazi. Chini yake, kwenye jua la kipupwe, ndipo Heneli mwenyewe alipokuwa amemweka Siosaia kwenye kiti chake cha magurudumu.

Jumatatu Kalolaine alivaa sare. Alikuwa na matumaini ya kipumbavu kwamba upepo ulichukua maneno. Akagonga, akaingia na beseni, akasema kwa Kiingereza, "Habari za asubuhi, mzee."

Siosaia alikuwa amegeukia ukuta. "Dada," alisema kwa Kitonga.

Neno hilo hakuwa amewahi kuambiwa akiwa ndani ya chumba kile.

"Wanakulipa?"

Angeweza kusema ndiyo. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, wa Kiingereza, umevaa vizuri. Lakini alikuwa ameulizwa kwa Kitonga, na kaka yake. "Hapana," alisema.

"Tangu lini?" aliuliza Siosaia.

Kalolaine aliliweka beseni sakafuni.

"Toka, dada. Tafadhali." Na kwa mkono wake mzima akaivuta shuka, akajifunika uso.

Siku zilizofuata hakula. Alimkubali Heneli peke yake, na Heneli alimwogesha akiwa amepiga magoti, akiuma meno kwa maumivu, bila utani. Mwishoni Siosaia akamtuma shemeji yake aseme jikoni kile asichoweza kusema mwenyewe: anataka kupelekwa nyumba ya wazee.

Kalolaine alikwenda kwenye ujia, bila sare.

"Kaka, mimi sioni haya."

"Mimi naona."

"Wale watu watakuumiza. Nawajua. Hawana muda."

"Waache waumize." Ulimi wake ulikuwa mzito zaidi siku hiyo, ikabidi dada abandike sikio mlangoni. "Nilikuleta nchi hii uishi kama binti wa watu. Sikukuleta unibebee uchafu."

"Mbona nilipokuwa nalipwa ulikubali?"

"Ulipokuwa unalipwa hukuja wewe. Alikuja nesi." Akavuta pumzi. "Yule nesi ni mtu mwema sana. Sikupata nafasi ya kumshukuru. Ukimwona, mwambie."

Kalolaine alikaa chini pale pale mlangoni.

Gari lilimchukua Alhamisi. Nyumba ile ya wazee, si ile aliyofanyia kazi Kalolaine, haikuwa mbaya. Ilikuwa safi, na wahudumu walikuwa wachache kwa vitanda vingi, kama mahali pote dada yake alipowahi kufanya kazi. Jumapili baada ya ibada Kalolaine alikwenda, akaweka kiti nje ya mlango wa chumba cha kaka, wakazungumza Kitonga, yeye akitazama ukuta wa mbele. Waliongea habari za Vava'u, za shamba la baba, za nguruwe jike aliyekuwa akiwafukuza walipokuwa wadogo. Walikuwa kaka na dada kama inavyotakiwa. Na kila Jumapili aliisikia ile harufu. Mara ya kwanza alikwenda kuwaambia wahudumu kwamba mgonjwa ana kidonda. Wakamshukuru, wakaandika. Mara ya pili akawaambia tena. Mara ya tatu aliomba kuonana na mkuu wao, akaambiwa hayupo Jumapili.

Siosaia alikufa asubuhi moja ya mwezi wa nane. Damu iliingia sumu, walisema.

Seini akaja kutoka Brisbane. Ndugu wakaja kutoka Tonga na Sydney, mikeka ikajaa sebule nzima. Siku ya mazishi Kalolaine alikalishwa kichwani pa marehemu, mahali pa heshima kuliko pote, kwa kuwa ndiye dada. Wanaume walipika nje moshini. Wanawake waliingia wameinamisha vichwa, wakaweka mbele yake mikeka myembamba na vitambaa vya magome ya miti, marundo juu ya marundo. Lupe naye alikuja, akapiga magoti, akaweka mkeka wake, akambusu mkono. Kalolaine aliitikia kama alivyomwitikia kila mtu.

Mchana alitoka kidogo kupunga hewa. Karibu na geti alikuta mwanamume mnene wa Kifilipino, ameshika maua, hajui aingie au asiingie.

"Nilikuwa namhudumia," alisema. "Samahani, mimi si jamaa."

"Karibu. Umekula?"

"Nilitaka kukuomba radhi, mama. Mara nyingi alikataa kuogeshwa. Alikuwa mkali. Alisema sijui kazi, alisema nyumbani kwao alikuwa na nesi anayejua." Mtu yule alifuta jasho. "Nikamwambia basi nipe namba yake, nimpigie simu anifundishe. Akalia. Sikujua nilikosea wapi."

"Hukukosea kitu," alisema Kalolaine.

Alimwitia Heneli ampe sahani. Yeye akarudi ndani, akapita katikati ya watu waliompisha huku wameinama, akaketi tena kichwani pa kaka yake, mikono mapajani, hadi walipokuja kufunga jeneza.

Baada ya maombolezo alirudi kazini, maana Heneli hakupona mgongo na maisha yalikuwa yale yale. Aliomba jambo moja tu: apangiwe wanawake peke yake. Msimamizi alimuuliza kama kuna mzee yeyote aliyemkosea adabu.

"Hapana," alisema Kalolaine.

Msimamizi akabadilisha zamu, na hakuuliza tena.